Mlima Hoyo na Mapango Yake

Atokaye Nyankunde akashika njia ya magharibi huviacha nyuma vilima vya majani wanakolisha ng'ombe, akafika Komanda, njia panda ya Ituri. Njia moja yaingia msituni kuelekea Mambasa na Kisangani, nyingine yageukia kusini kwenda Beni. Tuifuate hiyo ya Beni. Mashariki yake ndipo ulipo Mlima Hoyo.

Kwa kimo hautishi: yapata mita 1,450 tu, na mbele ya Rwenzori yenye mita 5,109 ni mtoto mdogo. Utajiri wake umo tumboni. Mlima huu ni wa mawe ya chokaa, na maji ya mvua yapitayo kwenye majani yaliyooza hupata ukali kidogo, yakalila jiwe polepole kwa karne nyingi, hata yakatoboa mapango. Tena kila tone lidondokalo laacha chokaa kidogo; hivyo nguzo nyingine zaning'inia kutoka juu, nyingine zaota kutoka chini. Humo hukaa popo. Nje, katikati ya miti, maji hushuka juu ya miamba kama mtu ashukaye ngazi, na wageni wakayaita Ngazi za Venus.

Lakini ajabu iliyo kuu, kwa maoni yetu, ni pango la Matupi. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji Francis Van Noten alichimba humo, akakuta vijembe vidogo vya mawe, ambavyo vya chini kabisa vilikadiriwa kupita miaka 40,000. Mifupa ya wanyama nayo ilionyesha kuwa zamani hizo palikuwa na mbuga ya majani karibu na pango. Leo pamezungukwa na msitu! Kumbe msitu tuudhanio wa milele nao huja na kuondoka.

Wajuao vijia vya mlima ni Wambuti, wawindaji na warina asali. Lakini vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003, na baadaye mashambulizi yaliyozidi Irumu tangu 2021, mwaka uliotangazwa utawala wa kijeshi mkoani, viliwafukuza wengi wao pamoja na wakulima wa kakao. Kijia cha msituni hakiandikwi katika ramani. Mzee humwonyesha kijana kwa kutembea naye. Mtoto aliyekulia kambini, barabarani, ataonyeshwa wapi?