Maji ya Kiwiko

Kiwiko cha mkono wangu wa kulia ndicho kipimajoto pekee nilichostaafu nacho. Vile vya kioo vilibaki zahanati, vingi vikiwa vimeshavunjika. Mpaka leo mjukuu akiletwa na beseni likiwekwa sakafuni, hakuna anayemgusa mtoto mpaka kiwiko changu kiingie majini na mimi niseme haya.

Nilizaliwa Kainam mwaka 1957, juu huko Mbulu, ambako mwezi wa saba ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Nyumbani ndama walilala ndani pamoja nasi, na joto lao lilitufaa kuliko blanketi. Mtoto mchanga aliogeshwa kando ya moto: maji kidogo, samli nyingi. Siku hazikuhesabiwa. Bibi alimnusa mtoto shingoni, kwapani na kwenye makunjo ya mapaja. Akisikia harufu ya maziwa yaliyochacha, basi siku ya kuoga imefika.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima walikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio, mmoja wao akisoma kijitabu, kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Nilikuwa msichana wa miaka 16, nikikaa pembeni kusikiliza kisichonihusu. Nadhani gauni jeupe la nesi nililitamani hapo hapo.

Ungeniuliza mwaka 1980 mtoto mdogo aogeshwe mara ngapi, ningekujibu kabla hujafunga mdomo: kila siku, kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Jibu hilo nililikariri kwenye kozi ya mwaka mmoja na nusu ya huduma ya mama na mtoto. Mtihani uliuliza, nikaandika, nikapewa vema. Kisha nikapelekwa Hanang.

Wakati huo tulikuwa bado Mkoa wa Arusha. Manyara, mkoa wetu wa sasa, ulizaliwa 2002. Kliniki ya mkoba ilitufikisha hadi maboma ya Wadatoga upande wa Ziwa Balangida. Mizani tuliitundika kwenye tawi la mgunga, akina mama wakapanga foleni na kadi zao. Siku moja akaja mama na mtoto wa kama miezi 10, mwili una vumbi lililoshikana na samli mpaka rangi yake huijui, tongotongo machoni, nzi wamemkalia kope na wala hahangaiki kuwafukuza. Nikapandisha sauti ili na wengine wasikie: "Huyu mtoto ameoga lini?"

Mama yule hakujibu. Alimgeukia mwenzake aliyejua Kiswahili, akasema maneno machache, wengine wakacheka chini chini. Nikauliza kasemaje. "Anasema, nesi, twende ukamwogeshe wewe."

Dereva alikuwa amelala chini ya gari na spana mkononi. Safari haikuwepo kabla ya jioni. Nikaenda. Nilidhani tunakwenda nyumbani kwake. Tukapita nyumbani, akachukua dumu na kata, tukaendelea. Ziwa tuliliona upande mmoja liking'aa kama bati jipya, lakini Balangida ni magadi na chumvi, mtoto humwogeshi humo. Baada ya karibu saa nzima tukafika kwenye korongo kavu. Katikati ya mchanga palikuwa na shimo la kina cha kiuno. Akaingia, akakwangua, akasubiri. Maji yalitoka taratibu, meusi kwanza. Akayamwaga. Akasubiri tena. Kata ikijaa nusu, anamimina kwenye dumu kwa uangalifu wa mtu anayepima dawa. Nilikuwa na saa mkononi, zawadi ya kaka yangu: lita 20 zilichukua dakika 50. Nyuma yetu walikuwa wamekaa wanawake wanne na punda wao, wakingoja zamu bila kusukumana.

Wakati wa kurudi nikasema nitabeba mimi. Nilipumzika mara tatu. Mara ya nne alilichukua dumu bila kusema neno. Pale bomani akalitua, akaleta mtoto, akanikabidhi kata yenye maji, akakaa kunitazama. Dumu lile lilikuwa la kunywa, la kupikia na la ndama aliyezaliwa juzi. Sabuni yangu ya kipande ilikuwa mfukoni, nikaiona nzito ghafla.

Nikamnawisha uso. Kwanza macho, kila jicho kwa pembe yake ya khanga yangu. Kisha viganja. Kisha nikamgeuza nikamsafisha makalio. Maji yakabaki kidogo ndani ya kata, na mama akayachukua akajipangusa nayo mikono.

Katika ripoti ya siku ile niliandika: "Elimu ya usafi imetolewa kwa akina mama 34." Sikuandika nani alitoa kwa nani.

Kuanzia hapo mafundisho yangu yalibadilika, ingawa bango la ukutani halikubadilika. Nilianza kuuliza maji yanatoka wapi, nani anayachota na kwa muda gani, ndipo niseme neno. Uso kila siku, maji yawe mengi au machache. Mikono kabla ya chakula na baada ya choo. Makalio kila anapojichafua. Shingo, kwapa na mapaja, maana huko ndiko ngozi hulika. Mwili mzima, ukipata maji: mara 2 au 3 kwa wiki zinamtosha mtoto asiyetambaa, na anayetambaa kwenye samadi mwoshe hiyo samadi, usingoje Jumamosi.

Uso niliutanguliza kwa sababu ya wale mabibi waliokuwa wakija kliniki na kibano kidogo cha chuma kimening'inia shingoni. Kilikuwa cha kung'olea kope. Trakoma huanza utotoni, vijidudu vikihamishwa na vidole, nguo na nzi wanaofuata tongotongo. Mtoto huambukizwa tena na tena, ngozi ya ndani ya kigubiko cha jicho inaota kovu, na miaka mingi baadaye kope zinajikunja ndani zikikwangua mboni kila mtu anapopepesa. Bibi anayepofuka leo aliukosa unawishaji wa uso zaidi ya nusu karne iliyopita. Majirani zetu wa Kongwa, Dodoma, walifanyiwa utafiti mkubwa miaka ya 1990: watoto walipewa dawa ya macho, na vijiji vingine vikaongezewa hamasa ya kunawisha nyuso. Watoto ambao nyuso zao zilidumu safi walipata trakoma kali kwa nadra kuliko wengine. Nami kwenye mikutano nilizoea kuchukua kopo la nusu lita na kuita watoto wanne mbele. Wanne wote walinawa, na tone lilibaki. Wazee wa kiume ndio waliopenda onyesho hilo zaidi, sijui kwa nini.

Lakini kosa langu kubwa lilitokea penye maji tele. Ilikuwa zahanati moja ya nyanda za juu, sitaitaja, mwezi wa saba, usiku. Mtoto alizaliwa akalia vizuri. Kama tulivyozoea sote enzi hizo, mtoto aliogeshwa hapo hapo, kabla hata mama hajamaliza kushonwa. Nilipima maji kwa kiwiko, yalikuwa sawa. Chumba ndicho ambacho sikukipima. Dirisha lilikuwa na kioo kimoja kimevunjika, tumeziba kwa boksi. Alfajiri nilimkuta mtoto kimya, miguu baridi kama jiwe la mtoni, hanyonyi. Nikamvua, nikamweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, nikawafunika wote wawili kwa kila kitu nilichokuta, pamoja na koti langu. Saa nne alinyonya. Sasa ni mwanamume mzima, hunipigia honi ya pikipiki tukikutana Dongobesh, naye hajui ninachokumbuka.

Siku hizi mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mtoto mchanga asiogeshwe kabla ya saa 24. Akaushwe, awekwe kifuani kwa mama, anyonye. Ule utando mweupe anaozaliwa nao uachwe, unamlinda. Kuusema ni rahisi. Wakwe walikuwa wakiingia wodini wanauona utando, wanamtazama mama mzazi kwa jicho baya, maana mitaani inasemwa kwamba weupe ule ni alama ya mke na mume ambao hawakuvumilia miezi ya mwisho. Mzazi anainama kwa aibu, ananisihi, "Nesi, tafadhali, mwogeshe kabla mama mkwe hajaja." Niliogesha wangapi kwa kuogopa macho ya mkwe! Baadaye nikapata dawa: nilimsubiri mkwe mlangoni, nikamsalimu kwa heshima zote, nikamwambia, "Mama, mtoto huyu kaja na mafuta yake mwenyewe, hata samli hatuhitaji leo." Samli waliielewa. Wengi walikubali.

Haydom, hospitali ya Walutheri iliyopo tangu 1955, kulifanyika utafiti wa kimataifa uliowafuatilia watoto tangu kuzaliwa katika nchi nane, Tanzania ikiwa mojawapo. Nilichokishika ni kwamba mtoto anaweza kubeba vijidudu vya tumboni bila kuharisha hata kidogo, na bado vikamzuia kurefuka. Niliposikia hivyo nilikumbuka watoto wangu wengi waliokuwa wanang'aa kwa mafuta siku ya kliniki, kadi zao zikionyesha mstari wa ukuaji uliolala. Wameoga asubuhi, naam. Kisha wakakalishwa uani na kuku.

Binti yangu yuko Arusha, na bomba liko ndani. Humwogesha mwanawe asubuhi na jioni kwa sabuni yenye harufu ya maua, halafu ananipigia simu kulalamika mtoto anajikuna usiku, magoti yamepauka. Namwambia apunguze sabuni. Ananiambia, "Mama, huku mjini watu watasema." Kwa hilo sina kiwiko cha kupimia.

Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023 mlima Hanang ulishusha tope juu ya Katesh na vijiji vya jirani. Walikufa zaidi ya watu 80. Nilikuwa nimeshastaafu, nikapanda gari nikaenda, sikuitwa na mtu. Waliookoka walihifadhiwa shuleni, na mimi nilichokijua ni kuogesha, nikaomba beseni. Maji yalikuja kwa gari, moto tukakoka kwa mawe matatu nyuma ya darasa.

Shangazi mmoja alinipa mtoto wa kiume, yapata miaka miwili. Tope lilikuwa limekauka juu yake kama ukuta wa nyumba. Masikioni limejaa, kope zimeshikana. Hakulia. Nikaweka kiwiko, nikaongeza kopo la baridi, nikaweka tena. Nilianza na macho, nikilowanisha na kungoja, sikuvuta. Jicho la kushoto lilifunguka kwanza, akanitazama. Beseni la kwanza tukalimwaga, lilikuwa uji. La pili vilevile. Foleni ya maji ilikuwa ndefu na shangazi alikuwa anaitazama.

"Bibi, la tatu hili. Amalize sasa, au bado?"

Nilimwinua mtoto kidogo, nikaangalia nyuma ya masikio na kwenye makunjo ya shingo.

"Lete la nne," nikasema.