Wazee Wawili na Santuri Moja

Jumapili, 3 Novemba 2024. Hereford

Zamu ya mchana. Mgeni wa mzee wa dirishani amefika na santuri kwapani, na kama ada wamegombana kabla chai haijapoa. Mzee mikono inamtetemeka, kwa hiyo mgeni ndiye anayeweka sindano, na anayeweka sindano ndiye anayechagua. Leo kachagua Amarok ya Mike Oldfield, ya mwaka 1990: kipande kimoja cha dakika 60, kisichokatika. Kampuni ilitaka nyimbo fupi za redioni, anasema mgeni, jamaa akawapa kitu kisichopenyeka kisu, na humo ndani kaficha tusi kwa Richard Branson, mwenye kampuni, kwa alama za Morse. Akacheka mpaka akakohoa. Mzee kasema hasira haipigi gita.

Alhamisi, 7 Novemba

Nikiwa namnyoa mzee ndevu nimemuuliza huyu Oldfield ni nani hata watu wazima wavunjiane heshima. Kosa langu. Nimepewa darasa la saa nzima. Tubular Bells ilitoka Mei 1973, santuri ya kwanza ya Virgin. Kijana alikuwa na miaka 19 alipoanza kuirekodi, kwenye jumba la zamani kijijini Shipton-on-Cherwell, akipiga karibu kila ala mwenyewe, sauti juu ya sauti. Filamu ya The Exorcist ikachukua mlio wa mwanzo, na tangu hapo, analalamika mzee, watu husikia dakika mbili, wakaona mashetani, wakazima.

Nimeisikiliza kwenye basi la kurudi nyumbani. Mwisho wa upande wa kwanza Vivian Stanshall anazitaja ala moja moja, kama mshereheshaji anayeita mashangazi waje kutunza. Nimecheka peke yangu, abiria wa mbele akageuka.

Jumapili, 10 Novemba

Vita kuu leo, na safari hii ni juu ya albamu wanayoipenda wote wawili: Hergest Ridge, 1974. Kilima chenyewe kipo, mpakani na Wales, juu ya mji wa Kington, si mbali na hapa. Oldfield alihamia pande hizo kuukimbia umaarufu. Albamu ikashika namba moja Uingereza, halafu ikang'olewa pale juu na Tubular Bells yake mwenyewe: mdogo kapigwa mwereka na kaka yake.

Mwaka 1976 akaichanganya upya kwa ajili ya sanduku la Boxed, na kwa miaka mingi toleo hilo ndilo likawa linauzwa, mpaka 2010 lile la awali liliporudishwa. Mzee ana santuri ya 1974.

"Mwenyewe aliamua kuibadilisha," alisema mgeni. "Wewe nani umbishie?"

"Alishaniuzia. Si yake tena."

Hapa niko na mzee. Nimesimama mlangoni na sinia nikamkumbuka baba, mtu wa Jamhuri Jazz, na ami, mtu wa Atomic. Tanga ile, mkeka mmoja wa futari, hawapitishiani hata tende. Lakini wale walikuwa na bendi mbili za kugombania.

Jumanne, 19 Novemba

"Binti, hii utaipenda, ina ngoma za Kiafrika," kasema mzee. Ommadawn, 1975. Sikumjibu. Ngoma ni za kundi la Jabula, Waafrika Kusini waliokuwa uhamishoni London. Mimi na wao tunajuana kama yeye anavyojuana na Warusi. Ila zilipoanza kupanda, kuelekea mwisho wa upande wa kwanza, gita likilia juu yake, niliacha kukunja shuka. Hilo simwambii. Upande wa pili kuna zumari la kiriba la Kiairishi, la Paddy Moloney. Hilo nimelirudia mara tatu nyumbani.

Jumapili, 24 Novemba

Tubular Bells II ya 1992, III ya 1998, kisha ile ya kwanza kurekodiwa upya mwaka 2003. Mzee: kiporo kinapashwa moto. Mgeni: kiporo chake, na ile ya 1992 ilishika namba moja. II naiona nzuri, ila imepigwa pasi mno.

Koridoni, kabla hajaingia, mgeni alinionyesha kitu begini: Hergest Ridge ya kwenye sanduku la 1976. Akaweka kidole mdomoni. Ndani akachukua jalada la mzee, akampa alipakate, akaweka sindano kwenye ile yake. Mzee kasikiliza pande zote mbili, macho kafumba.

"Umesikia?" akamwambia mwenzake. "Hicho ndicho walichokiondoa."

Mgeni alitazama nje muda mrefu. "Nimesikia," akasema. Nilipoinama kumwekea mzee mto, akairudisha santuri yake begini.