Nyumba Mpya Picha ya Ndege, Stoo Hakuna: Wakataka Kupandisha Mizigo Juu ya Dari

Ukitaka kujua mtu ana mizigo kiasi gani, subiri ahame. Dada mmoja na mume wake wamekaa Sinza miaka sita, chumba na sebule, wakiamini hawana vitu vya maana. Siku ya kuhamia kwenye mjengo wao Picha ya Ndege, Kibaha, Fuso ikajaa na vitu vingine vikabaki. Ikabidi irudi.

Nyumba ilikuwa nzuri, sio siri. Vyumba vitatu, bati la msauzi, dari ya jipsamu. Mume alijiongeza hadi akatandika blanketi la nyuzi za kioo juu ya dari ya vyumba vya kulala, maana joto la Pwani analijua. Kwenye ramani walikata kitu kimoja tu ili hela itoshe: stoo.

Sasa kwa huyu dada, stoo haikuwa suala la nyumba kupendeza. Alikuwa na mabelo matatu ya mtumba, kila moja kilo 45, aliyoyachukua kwa mkopo wa kikoba kabla hajaachia fremu yake. Na alikuwa na cherehani ya marehemu mama yake, ile ya chuma ya kukanyaga kwa miguu. Mabelo yakalala korido, cherehani ikakaa sebuleni. Mume akirudi usiku kutoka mjini, kashabadilisha magari mawili, anajikwaa.

"Mama watoto, si uyauze tu hata kwa hasara?"

"Nikiuza kwa hasara, marejesho ya kikoba utalipa wewe?"

Kimya. Wiki nzima wanaongea kupitia mtoto: mwambie baba yako chakula tayari.

Ndipo kijana mmoja fundi wa mtaani akaleta mchongo. Juu ya dari si kupo tupu? Anatandika mbao, anakandamiza lile blanketi lisimsumbue, kila kitu kinapanda. Siku mbili kazi imekwisha. Dada akafurahi. Mume, kabla ya kutoa hela, akampigia mzee aliyewapigia kenchi aje aangalie.

Mzee akapanda na tochi. Alivyoshuka, hakuchekea mtu.

Alianza na uzito. Bodi za jipsamu zimepigwa skrubu kwenye vipande vyembamba vya mbao, na vipande hivyo vinaning'inia kwenye kenchi. Kenchi zao zilipigwa zibebe bati na zihimili upepo, hakuna aliyemwambia kuna stoo. Mabelo matatu ni kilo 135. "Mwanangu, hao ni watu wazima wawili. Unataka kuwalaza juu ya kitanda cha mjukuu wangu?"

Akaja kwenye joto. Bati likipigwa jua la saa nane, hewa iliyo chini yake inakuwa ya kuchoma. Kinachokufanya ulale ni ile nafasi unayoiita tupu, pamoja na matundu ya pembeni yanayotoa hewa ya moto nje, pamoja na lile blanketi. Na blanketi halizuii joto kwa uzito wake. Linazuia kwa hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi. Ukilikandamiza hewa inatoka, na hela yako imetoka nayo. Ukirundika mizigo hadi ikaziba matundu, umefanya kosa lile lile kwa njia nyingine.

Halafu umeme. Nyaya nyingi zinapita huko juu. Zikifunikwa na nguo zinashindwa kupoa, na panya akizitafuna hakuna anayeona. Ikitokea cheche, mtumba unawaka kama kuni.

Dada macho yakamjaa. Mzee akalegeza sauti. "Mama, sijakataa usiweke. Nimekataa usiweke kila mahali."

Akawaonyesha korido. Pale kuta mbili zimekaribiana, hata mita moja na nusu haifiki. Mbao nene zinalala kutoka ukuta hadi ukuta, uzito unashuka kwenye tofali, haugusi dari wala kenchi. Zinakaa juu kuliko blanketi, ili lenyewe libaki limeumuka chini yake. Mbao za kukanyagia zinaachiana nafasi ya kidole hewa ipite. Nyaya zinasogezwa kando na fundi umeme, si na mwenye nyumba. Matundu yanawekwa wavu kuzuia popo na panya, hayazibwi. Na mfuniko wa kupandia unavishwa kipande cha blanketi na unabana vizuri, la sivyo joto linapata mlango wa kushukia.

Kinachopanda ni vitu vyepesi: masanduku matupu, neti, ndoo, kitanda cha mtoto kilichofunguliwa. Mtungi wa gesi, rangi, viatu vya ngozi na picha za harusi vinabaki chini. Joto la kule linaviharibu, na vingine ni hatari kabisa.

Kwa hiyo mabelo hayakupanda. Usiku ule mume mwenyewe alileta kisu, wakakata kamba na kuchambua hadi saa saba, wakicheka nguo za ajabu ajabu. Zile kali zikaenda kwenye status ya WhatsApp. Zilizopwaya zikahitaji kupunguzwa, na cherehani ya mama, iliyokuwa ya kwanza kwenye orodha ya kupandishwa darini, ikatiwa mafuta.

Ipo bado sebuleni, karibu na dirisha. Mume hajikwai tena. Kikoba kimebakiza marejesho mawili.