Heroe, mama na madesa ya mdogo wangu

Nipo Singida tangu juzi, nimekuja kumsalimia mama. Mdogo wangu naye yuko likizo. Anasomea ualimu wa baiolojia na kemia, mwaka wa pili. Nilipompokea begi stendi nikadhani kabeba mawe, kana kwamba Singida hatuna ya kututosha. Kumbe madesa!

Nimeyapekua. Kuna vipande vya Campbell, lile dude la baiolojia lililotoka mara ya kwanza 1987, kurasa zaidi ya elfu moja. Kuna na Atkins wa kemia. Yote kopi ya kopi, michoro imegeuka masizi. Kitabu kipya hakiwezi. Wenzake wanagawana sura, kila mmoja anatoa kopi yake. Ukurasa ukiruka, ndiyo umeruka.

Basi bwana, jana jioni tukateremka Ziwa Singidani, watatu sisi. Heroe kibao. Mama akauliza: "Mwanangu msomi, hawa ndege wekundu huu wanautoa wapi?"

Dogo akaanza kwa mbwembwe, Kiingereza kitupu. Akasita, akatafuta Kiswahili chake, akakwama. Mama akacheka: "Haya, utanieleza ukimaliza chuo."

Roho iliniuma. Jibu analijua, ila kalijua kwa lugha ambayo mama hana.

Tukakaa jiweni, tukaanza upya polepole. Maji haya ni ya magadi. Ndani yake kuna viumbe wadogo mno wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Heroe huwachuja kwa mdomo, na rangi iliyomo ndani yao, karotenoidi, huishia kwenye manyoya. Ndiyo maana vifaranga huanza wakiwa wa kijivu. Karoti nayo ina rangi ya jamii hiyohiyo.

"Kumbe wamekula kama karoti!" mama akasema. Dogo akachomoa kalamu, akaandika pembeni mwa desa lake.

TUKI walitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Maneno tunayo. Kitabu cha chuo cha kemia kwa Kiswahili, mimi sijawahi kukiona dukani. Sisemi Campbell atupwe, hapana! Lakini kesho kutwa dogo atasimama mbele ya watoto, labda Iramba, labda Manyoni. Atawaeleza nini, na kwa maneno ya nani?

Nimemwambia lile desa lenye karoti ya mama asilitupe. Huenda ndiyo sura ya kwanza ya kitabu chake. Nyie wenzangu mnaonaje?