Diski Isiyoonekana

Kitu ninachotaka kukueleza habari zake, msomaji, kwa umbo hakizidi daftari dogo la mfukoni. Ni diski ya nje, chombo kinachounganishwa na kompyuta kwa waya ili kihifadhi nakala ya mambo yaliyomo ndani ya kompyuta hiyo. Hapa Gilgil, kama katika miji mingine ya Bonde la Ufa, shule nyingi zimehamisha maandishi yake kutoka katika madaftari makubwa na kuyatia katika kompyuta: alama za mitihani, majina ya wazazi, hesabu za karo, na barua za kuwasifu wanafunzi waliomaliza masomo. Daftari huliwa na mchwa kidogo kidogo, na mwenye macho huona likiliwa. Diski ya kompyuta yaweza kuwa nzima leo na kimya kesho. Kwa sababu hiyo watu huchukua nakala mapema, na programu za kazi hiyo ni nyingi, nyingine za kununua na nyingine za bure.

Lakini huja siku ambapo diski ya nje imechomekwa, programu imefunguliwa, na programu ikasema kwamba haioni diski yo yote. Siku hiyo ni ya hatari, na hatari yenyewe hutoka katika haraka ya mtu kuliko katika ubovu wa chombo.

Usiku wa tarehe 25 Agosti, 2023, umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya Kenya. Katika shule moja ya jirani kompyuta ya ofisini ilikuwa ikiandika nakala yake katika diski ya nje wakati giza lilipoingia. Siku chache baadaye niliitwa. Karani, mama mwenye umri wa kunizaa, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta akitazama ilani iliyosema kwamba diski haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe, nayo ikamwuliza kama yu tayari.

“Mwalimu, nikubali?”

“Hapana, mama. Usiguse kitu.”

Diski ile ilikuwa na alama za wanafunzi tangu mwaka 2016. Diski ya ndani ya kompyuta nayo ilikuwa imeanza kutoa sauti ya kukwaruza, na ndiyo iliyofanya nakala itakiwe upesi. Kama mama yule angalikubali, orodha ya mahali yalipo mafaili ingaliandikwa upya ikiwa tupu, na kijana aliyemaliza zamani akija kuomba cheti cha kuacha shule, asingalipata mtu wa kumthibitishia alama zake.

Katika shida hii mimi hupenda kuuliza swali moja kwa utaratibu: ni nani anayeiona diski, na ni nani asiyeiona? Naanza na jicho na sikio langu. Je, taa yake inawaka? Yazunguka? Waya ndio wa kwanza kushukiwa, kwa kuwa waya nyingi ziuzwazo madukani kwa ajili ya kuchaji simu hupitisha umeme tu, hazipitishi habari. Taa huwaka, mtu akatumaini, na kompyuta isipate neno lo lote.

Baada ya waya huja nguvu ya umeme, na hapa nataka ukae nami kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Tundu la USB la namna ya zamani limewekewa kiwango cha miliampea 500. La namna iliyofuata, ambalo mara nyingi lina rangi ya buluu ndani, miliampea 900. Diski yenye sahani inayozunguka hutaka nguvu nyingi zaidi inapoanza kuzunguka, kama gari lililojaa viazi linapoanza kupanda mlima. Ikinyimwa, hulia tik, tik, kisha hunyamaza. Ukiichomeka katika kifaa kinachogawa tundu moja kuwa manne, umeigawia njaa. Ichomeke moja kwa moja nyuma ya kompyuta, ambako matundu yameshikamana na ubao mkuu wenyewe.

Hayo yakiwa sawa, uliza kama Windows inaiona. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, uchague mahali pa kusimamia diski. Yawezekana diski imo katika orodha lakini haina herufi ya kuitambulisha, au jana iliitwa E na leo inaitwa F kwa kuwa mtu alitangulia kuchomeka flashi yake. Programu iliyoagizwa kuandika katika E kila Ijumaa itasema diski haipo. Kuipa diski herufi hakufuti cho chote. Kuifomati ndiko kunakofuta. Tena, diski iliyotayarishwa kwa kompyuta ya Mac au ya Linux huonekana ngeni kwa Windows, nayo huomba ruhusa ya kuifomati. Ni kama mtu asiyejua Kiarabu kupewa barua ya Kiarabu, akatangaza kwamba karatasi ni tupu.

Diski ya mama yule ilionekana katika orodha, ukubwa wake kamili, ila mpango wa mafaili haukutambulikana. Kukatika kwa umeme kulikuwa kumeharibu orodha. Mafaili yenyewe yalikuwa mahali pake. Tulimpelekea fundi, naye akafanya kwa mpangilio ufaao: kwanza aliyasoma mafaili na kuyahamishia katika diski nyingine, ndipo akaitengeneza ile ya kwanza. Matengenezo nayo huandika, na kila kinachoandikwa chaweza kukalia mahali pa kitu kilichokuwa kikitafutwa.

Mara nyingine Windows huiona diski na programu haiioni. Huenda programu ilifunguliwa kabla ya diski kuchomekwa. Ifunge uifungue tena, kwa mamlaka ya msimamizi. Baadhi ya programu hukataa flashi kwa kuwa huhesabiwa kuwa kitu cha kuondolewa wakati wo wote. Lililo baya zaidi ni lile la flashi ya uokozi, ambayo huwasha kompyuta iliyokufa kwa mfumo mdogo wa pekee. Mfumo huo mdogo pengine hauna draiva ya matundu mapya, na diski iliyoonekana kila siku haionekani siku ya msiba. Jaribu tundu la zamani, au itengeneze flashi upya pamoja na draiva yake. Afadhali lijaribiwe jambo hili kompyuta ingali hai. Sijui kwa nini watu huliahirisha.

Kuna na kioja cha mapacha. Ukinakili diski nzima juu ya nyingine, hata namba yake ya utambulisho yaweza kunakiliwa. Windows ikiona namba moja kwa diski mbili, huipokea moja na kuiweka ya pili nje ya kazi, na mwenyewe hudhani kunakili kumeshindikana. Zitenganishe. Ukiilazimisha ya pili kufanya kazi itapewa namba mpya, na kwa hiyo pengine itakataa kuwasha kompyuta siku utakapoihitaji.

Shule ile sasa ina diski mbili. Kila mwisho wa muhula karani hufungua faili moja kutoka katika nakala, katika kompyuta nyingine, akasoma majina machache kwa sauti. Diski ya pili imeandikwa tarehe kwa kalamu na kuwekwa kabatini katika jengo jingine, na waya wake mfupi umefungwa pamoja nayo kwa uzi.