Sebule Yetu na Picha ya Samurai

Kijana wetu alituomba ruhusa ya kutundika sebuleni, hapa Nyegezi, picha ya samurai iliyochapwa juu ya washi, karatasi ya Kijapani itengenezwayo kwa mikono kutokana na gome la ndani la mti wa kozo. Tulimkatalia: hapo ndipo tuswalipo, nasi hatuelekei Kibla mbele ya sura ya kiumbe mwenye roho. Lakini hatukumnyima elimu. Tulimsimulia habari za Yasuke, Mwafrika aliyemtumikia Oda Nobunaga mwaka 1581, na za jirani zetu Waganda, ng'ambo ya Ziwa, wagongao gome la mutuba hadi liwe nguo. Sasa aitaka washi tupu, aandike Bismillahi. Wazazi wenzetu, tukimkataza mtoto jambo, tumpe na lililo bora.