Nyange amevaa nguo za arusi



Juma lililopita tulitembelea wenzetu wa Mumosho. Ukitoka Bukavu unafuata mto Ruzizi, unaotoka ziwa Kivu kuteremka hadi Tanganyika. Huku ni Congo, ng'ambo ni Rwanda, na bwawa la umeme la Ruzizi II liko katikati.

Kando ya maji alisimama nyange mkubwa, mweupe pe, kimya. Si yule mdogo anayefuata ng'ombe. Huyu akinyoosha shingo anakaribia mita moja. Mtoto wa mwenyeji wetu alikwisha kuokota jiwe. "Yule wa kiangazi alikuwa na mdomo wa manjano," alisema. "Huyu wake ni mweusi. Ni ndege wa wachawi!"

Mama yake akamshika mkono. "Ni yuleyule, mwanangu. Amevaa nguo za arusi."

Alisema kweli. Wakati wa kuzaa, mdomo wa nyange hugeuka mweusi, ngozi karibu na macho huwa ya kijani, na mgongoni huota manyoya marefu, membamba kama nyuzi, yanayopita mkia. Dume huyainua na kunyoosha shingo juu ili jike amwone. Kisha baba na mama hulalia mayai kwa zamu na kulisha watoto pamoja. Kazi ikiisha, manyoya hayo huanguka na mdomo unarudi manjano.

Uzuri huo ulikaribia kumwangamiza. Zamani wanawake wa Ulaya na Marekani walipamba kofia kwa manyoya hayo. Kwa kuwa huota wakati wa kuzaa tu, wawindaji waliua wazazi kwenye viota, na makinda yakafa njaa. Waliosimama kupinga ni wanawake pia. Mwaka 1889, huko Manchester, Uingereza, Emily Williamson alianzisha chama cha wanawake walioahidi kutovaa manyoya hayo. Mwaka 1896, Harriet Hemenway na Minna Hall walianza chao Boston, wakialika wenzao kwa chai. Mwaka 1921 Uingereza ikatunga sheria ya kukataza manyoya hayo kuingizwa nchini.

Walianza kama sisi, wamama wachache nyumbani kwa mmoja wao.

Mtoto yule aliliacha jiwe, akakaa kumtazama nyange akivua samaki. Wamama, mvua hizi tuwaeleze watoto wetu: nyange mwenye mdomo mweusi si mchawi. Ni mzazi, na huenda kuna watoto wanaomngoja kiotani.